Superman aliuzwa dola 130: Kijarida cha mwaka 1938 na hesabu ya mkulima

MWEZI Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, ni vigumu kukuta mnada usio na muuza mabegi ya watoto. Mengine yanatandazwa juu ya turubai, mengine yananing'inizwa kwenye kamba, na katikati ya rundo halikosekani begi la bluu lenye picha ya mwanamume mwenye misuli, joho jekundu mgongoni na herufi S kifuani. Mzazi aliyetoka Nyambureti, wilayani Serengeti, akiwa na pesa ya madebe machache ya mahindi aliyouza asubuhi, anauliza bei, anaomba apunguziwe, anapunguziwa kidogo, analipa. Mtoto analivaa begi hapo hapo.

Mwanamume huyo wa kwenye begi anaitwa Superman. Kwa watoto ni shujaa anayeruka angani. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo ana mambo mengine ya kusimulia, kwa sababu maisha yake yalianza kwa mauzo ambayo yeyote aliyewahi kuuza mahindi yakiwa bado shambani atayaelewa bila mkalimani.

Machi 1, 1938, vijana wawili wa mji wa Cleveland nchini Marekani, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, waliuza hadithi yao ya kwanza ya Superman kwa kampuni ya uchapishaji ya New York. Hadithi ilikuwa na kurasa 13. Malipo yalikuwa dola 10 kwa kila ukurasa, bei ya kawaida kwa kazi ile, yaani jumla dola 130. Ukigawa kwa wawili, kila mmoja aliondoka na dola 65. Pamoja na kurasa hizo walikabidhi pia mhusika mwenyewe, jina lake, na kila kitakachotokana naye baadaye, liwe gazeti, mwanasesere, filamu au begi la shule.

Hadithi hiyo ilitoka katika kijarida kilichoitwa Action Comics, namba moja, chenye tarehe ya Juni 1938 juu ya jalada. Bei yake ilikuwa senti 10. Zilichapwa nakala zinazokadiriwa kufikia 200,000.

Kijarida chenyewe kinasemaje

Watu wengi wanaomfahamu Superman hawajawahi kukisoma kijarida hicho, na anayekisoma leo kwa mara ya kwanza hushangaa. Jalada linaonyesha mtu ameinua gari la kijani juu ya kichwa na kulibamiza kwenye mwamba, huku mwanamume mmoja akikimbia ameshika kichwa kwa hofu. Hakuna maelezo. Mnunuzi aliyetaka kujua ni jambazi au mwokozi ilibidi atoe senti 10 kwanza, na hiyo ni mbinu ya biashara ambayo muuza dawa za mitishamba wa mnadani anaifahamu vizuri.

Ukurasa wa kwanza unaeleza kwa haraka kwamba mtoto mchanga aliletwa duniani kutoka sayari iliyokufa, akakua na nguvu zisizo za kawaida. Anaweza kuruka kama mita 200 kwa mruko mmoja, kukimbia kuliko treni, na hakuna kinachoweza kupenya ngozi yake isipokuwa kombora linalolipuka. Kupaa angani kama ndege bado hajui. Hilo aliongezewa baadaye, kama mfanyabiashara anavyoongeza bidhaa dukani anapoona wateja wanaulizia.

Halafu wanakuja kwenye sehemu ambayo mkulima ataipenda kuliko zote. Mwandishi, akiogopa kwamba wasomaji hawataamini, anawapa ushahidi: mtazame sisimizi, anabeba mzigo ulio mara mamia ya uzito wake, mtazame panzi, anaruka umbali ambao kwa kipimo cha binadamu ungekuwa mitaa kadhaa ya mji. Kama wadudu wanaweza, kwa nini asiweze mtu wa sayari nyingine? Shujaa mkubwa kuliko wote wa karne ya 20 alithibitishwa kwa panzi na sisimizi. Watu wanaolala shambani kulinda mahindi yasiliwe na tembo, kama ilivyo katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, huenda wangependekeza mnyama mwingine wa kulinganisha nguvu, lakini vijana wa Cleveland walichukua walichokiona nyuma ya nyumba.

Baada ya hapo kijarida kinakwenda mbio. Usiku Superman anakimbia akiwa amembeba mwanamke aliyefungwa kamba, muuaji wa kweli katika kesi ambayo mwanamke mwingine asiye na hatia amehukumiwa kifo. Anafika nyumbani kwa gavana, anavunja mlango wa chuma, anamwamsha, na amri ya kusimamisha hukumu inatoka dakika za mwisho. Ukurasa mwingine anaingia katika nyumba ambamo mume anampiga mkewe. Anamtupa ukutani, mume anachomoa kisu, kisu kinavunjika juu ya ngozi ya mgeni, mume anazimia. Kisha wahuni wanamteka mwanamke aliyewakataa katika ukumbi wa dansi, Superman analikamata gari lao, analikung'uta mpaka wote wanadondoka, ndipo analivunja. Hilo ndilo gari la kijani la jalada. Mkubwa wa wahuni anatundikwa kwenye nguzo ya simu.

Mwishoni anakwenda Washington, makao ya serikali, anamkuta seneta akinong'ona na mtu anayeshawishi wabunge wapitishe muswada utakaoiingiza Marekani katika vita vya Ulaya. Superman anambeba mshawishi huyo na kukimbia naye juu ya nyaya ili ateme siri. Na hapo hapo, mtu akiwa angani anapiga kelele, kurasa zinaisha. Itaendelea toleo lijalo.

Anachopambana nacho ni cha hapa hapa duniani. Hakuna majitu ya angani. Kuna hukumu ya makosa, mwanamume anayepiga mke, wahuni wenye gari, na mbunge aliyenunuliwa. Marekani ilikuwa haijapona mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na wakulima wengi wa majimbo ya kati walikuwa wamepoteza mashamba kwa ukame, vumbi na madeni ya benki. Kijarida kilimtambulisha shujaa wake kama mtetezi wa wanaoonewa, na kwa wakati ule hilo lilikuwa soko kubwa.

Watoto wa fundi cherehani na muuza nguo

Walioandika walitoka katika nyumba za wafanyabiashara wadogo. Baba yake Shuster alikuwa fundi cherehani. Baba yake Siegel alikuwa na duka la nguo za mitumba mjini Cleveland. Jioni moja ya Juni 1932 watu waliingia dukani na kujaribu kuondoka na suti bila kulipa. Mzee alianguka na kufa kwa mshtuko wa moyo. Mwanawe alikuwa na miaka 17. Haikupita miaka mingi kijana huyo akawa anaandika habari za mtu ambaye risasi na visu havimwezi. Unaweza kuunganisha mambo hayo mawili au ukaacha, Siegel mwenyewe hakuwa na mazoea ya kulizungumzia.

Superman walimtunga tangu mwaka 1933 na wakahangaika naye miaka. Wenye magazeti walimkataa mmoja baada ya mwingine. Kufikia 1938 walikuwa na miaka 23, wamezoea kuchora hadithi nyingine za kampuni ile ile kwa malipo ya kurasa, na dola 130 zilikuja zikiwa sehemu ya hundi moja ya dola 412 iliyolipia kazi zao kadhaa. Kwa maneno mengine, siku waliyomuuza Superman haikuwa siku maalumu. Ilikuwa siku ya kupokea ujira.

Wengi wanaosimulia habari hii humfanya mchapishaji kuwa jambazi na vijana kuwa wajinga. Si sahihi sana. Mchapishaji alinunua kitu ambacho wengine wote walikikataa, akalipia karatasi, wino na usafirishaji, na kama kisingeuzwa hasara ingekuwa yake. Ni kama mnunuzi anayekuja Machi na kulipia mahindi yaliyoko shambani: akipata, amepata sana, lakini mvua ikikatika ndiye anayebaki na mabua. Mkulima mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada hana nafasi ya kusubiri Julai. Vijana wa Cleveland nao walikuwa na njaa yao.

Tofauti iko mahali pengine. Anayeuza mahindi yakiwa shambani kwa bei ya hasara amepoteza msimu mmoja. Mwaka unaofuata shamba bado ni lake, atalima tena, pengine atakuwa amejifunza kuhifadhi. Siegel na Shuster waliuza shamba lenyewe kwa bei ya mavuno ya kwanza, na kuanzia siku hiyo walikuwa vibarua ndani yake.

Mavuno yalikuja haraka kuliko alivyotegemea hata mnunuzi. Baada ya matoleo machache wenye vibanda vya magazeti walianza kusema kwamba watoto hawaulizi tena Action Comics kwa jina, wanauliza kile chenye Superman. Mwaka 1939 alipata kijarida chake peke yake, mwaka 1940 akaingia redioni. Wawili hao waliendelea kulipwa vizuri kwa kurasa walizoandika na kuchora, hilo lisifichwe, lakini faida ya kila kitu kingine ilipita pembeni yao. Mwaka 1947 walikwenda mahakamani kudai haki. Shauri liliisha 1948 kwa wao kulipwa takriban dola 94,000 na kukubali kwamba Superman si wao. Sehemu kubwa ya pesa hiyo ilimezwa na gharama za kesi, kazi zikaisha, na majina yao yakafutwa kwenye kurasa.

Mwaka 1975, wakati filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa kwa mamilioni ya dola, Siegel alikuwa karani wa ofisi huko California na Shuster alikuwa karibu kipofu, anaishi na ndugu yake New York. Siegel aliandika barua kali kwa vyombo vya habari, wachoraji wenzao wakapaza sauti, na Desemba mwaka huo wenye kampuni walikubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka pamoja na kurudisha majina yao. Walilipwa kwa sababu kampuni iliona aibu. Sheria ilikuwa haiwadai chochote.

Karatasi ya kufungia karanga

Upande wa pili wa biashara hii ni karatasi yenyewe, na hapa wanaonufaika ni watu ambao hawakuandika wala kuchora chochote.

Mwaka 2014 nakala moja ya Action Comics namba moja iliuzwa kwa mnada wa intaneti kwa dola 3,207,852. Aprili 2024 nakala nyingine ikauzwa dola milioni 6. Hicho ni kijarida cha senti 10. Inakadiriwa zimebaki nakala kama 100 tu duniani kati ya zile 200,000, na sababu ya kupotea kwa nyingine haina muujiza: watoto walizichana, mama wa nyumbani wakazitupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili nchi nzima ilihamasishwa kukusanya karatasi chakavu. Huku kwetu gazeti likishasomwa linafungia karanga, vitumbua au nyama. Hatima ni moja.

Nakala iliyouzwa 2014 ilikuwa na bei ile kwa sababu ya ghala. Mnunuzi wake wa kwanza, mkazi wa milima ya West Virginia, aliiweka katika sanduku la mbao za mwerezi, mahali penye ubaridi na ukavu, na humo ikakaa miongo kadhaa bila mtu kuigusa. Mbao za mwerezi hufukuza wadudu, ubaridi huzuia karatasi kugeuka manjano. Wataalamu hupima vijarida kwa alama hadi 10, na hiyo ilipata 9. Mkulima aliyewahi kupeleka mahindi sokoni Februari, moja kutoka kwenye kihenge kilichotunzwa na jingine lililotobolewa na dumuzi, anajua kwamba zao moja la shamba moja laweza kuwa na bei mbili zisizofanana hata kidogo.

Kisa cha kinyume chake kilitokea katika jimbo la Minnesota mwaka 2013. Fundi mmoja alinunua nyumba mbovu kwa dola 10,100 ili aikarabati. Alipobomoa ukuta alikuta magazeti makuukuu yaliyoshindiliwa ndani kuzuia baridi, na katikati yake kijarida cha Action Comics namba moja. Ndugu walipokusanyika kukitazama kukatokea kuvutana, shangazi wa mkewe akakinyakua, jalada la nyuma likachanika. Mtaalamu alikadiria kwamba mchaniko huo mmoja uliondoa kama dola 75,000. Kikauzwa dola 175,000, mara 17 ya bei ya nyumba.

Kabla msomaji hajakimbilia kufungua sanduku la babu, izingatiwe kwamba ukuukuu peke yake hauna bei. Kinachotakiwa ni mambo matatu kwa pamoja: kitu kiwe adimu, kiwe kizima, na wawepo watu wenye pesa wanaokitafuta. Magazeti mengi ya zamani yana moja au mawili kati ya hayo.

Spear alipotawala vibanda

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na shujaa wake wa kwenye karatasi. Alikuja katika miaka ya 1960 na hakuhitaji joho. Aliitwa Lance Spearman, wasomaji wakafupisha wakamwita Spear, na alionekana katika gazeti lililoitwa African Film. Halikuwa gazeti la michoro. Lilitumia picha za kamera, waigizaji wakiwa na maneno yao ndani ya vibofu juu ya vichwa, kama sinema iliyosimamishwa.

Spear alikuwa mpelelezi Mwafrika: kofia ya panama, tai ya kipepeo, kidevu chenye ndevu chache, sigara nene mdomoni, gari la kifahari la michezo. Ngozi yake ilipenywa na risasi kama ya mtu yeyote, kwa hiyo alitegemea ngumi, akili na bastola. Maadui zake walikuwa na majina ya kumfanya mtoto asilale, kama Rabon Zollo na Doctor Devil. Sambamba naye, gazeti jingine la kampuni hiyo hiyo lililoitwa Boom lilikuwa na Fearless Fang, shujaa wa msituni anayefanana na Tarzan, isipokuwa huyu alikuwa Mwafrika. Kwa kijana wa miaka hiyo, aliyezoea kumwona Mwafrika wa sinema akiwa mbeba mizigo, kumwona Mwafrika akitoa amri na kuendesha gari lile kulikuwa ni habari yenyewe. Magazeti hayo yalisomwa kuanzia Lagos hadi Nairobi na kupita mkono kwa mkono, nakala moja kwa wasomaji wengi, na wapo waliojifunzia Kiingereza humo.

Mwenye shamba alikuwa nani? Kampuni ya Drum, iliyoanzia Afrika Kusini chini ya Jim Bailey. Picha zilipigwa kusini mwa bara, wakati Afrika Kusini ikiwa chini ya ubaguzi wa rangi, ingawa ndani ya hadithi nchi haikutajwa na wakubwa wote walikuwa Waafrika. Sura ya Spear ilikuwa ya Jore Mkwanazi, mwigizaji aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Sura ilijulikana bara zima, lakini jina Lance Spearman na kila picha vilibaki kuwa mali ya kampuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 gazeti lilikoma, na hakuna aliyewahi kuliona begi la shule lenye Spear. Shamba lililoachwa bila kulimwa huota magugu hata kama lina rutuba.

Tanzania haikukaa ikitazama. Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo, aliichukua mbinu ile ile ya picha za kamera na maneno ya vibofu akatoa gazeti la Kiswahili, Film Tanzania. Katika riwaya, Elvis Musiba alimtunga Willy Gamba, jasusi aliyepambana na makaburu na vibaraka wao, katika vitabu kama Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi. Musiba alikuwa pia mfanyabiashara, na wasomaji wa kurasa hizi huenda wanamkumbuka zaidi kama rais wa Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, TCCIA. Alifariki mwaka 2010. Kati ya watunzi wote waliotajwa hapa, ndiye pekee aliyeujua mkataba kutoka pande zote mbili za meza.

Kisha likaja Sani. Jina hilo halina maana iliyofichika: ni Saidi na Nico, herufi mbili mbili za mwanzo za waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Watu waliomiliki gazeti walikuwa wale wale waliolitengeneza, jambo ambalo Siegel na Shuster hawakulipata. Mashujaa wa Sani hawakuinua magari. Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge walikuwa wajanja wa mjini wanaokimbia madeni, wanaodanganya na kudanganywa, na Watanzania waliokuwa kwenye foleni za sukari katika miaka ya 1980 waliwaelewa kuliko ambavyo wangemwelewa mtu wa sayari nyingine. Adui mkubwa wa gazeti lile wakati huo alikuwa uhaba wa karatasi.

Begi la nani?

Turudi mnadani. Muuza mabegi aliyenunua jumla Mwanza au Kariakoo kwa kawaida hajui kama picha iliyo juu yake ina kibali. Superman bado ana mwenyewe. Kwa sheria za Marekani, kijarida cha 1938 kitakuwa huru kwa umma Januari 1, 2034, na hata hapo ni Superman yule wa kwanza tu, anayeruka mita 200. Nchini Tanzania bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mzigo ukikamatwa unateketezwa. Hasara inamwangukia aliyekutwa nao, hata kama kiwanda kiko bara jingine.

Kwa upande wa mtunzi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Hakimiliki inazaliwa kazi inapozaliwa: kijana wa sekondari akichora shujaa wake kwenye daftari la kaunta, shujaa ni wake hata kama hajajiandikisha popote. Kusajili COSOTA ni ushahidi wa kumsaidia siku ya ugomvi. Sheria hiyo iliweka ulinzi wa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo hata wajukuu wanaweza kuvuna. Lakini yote hayo yanaweza kuondoka kwa sahihi moja. Mkataba unaosema mchapishaji ananunua haki ya kuchapa toleo moja, au kwa miaka mitano, ni mauzo ya mavuno. Mkataba unaosema haki zote, kwa matumizi yote, bila kikomo, ni hati ya shamba imebadilisha jina. Maneno hayo hujificha katika sentensi moja ndefu, na mara nyingi mtunzi huisoma akiwa tayari ameshaona bahasha ya pesa.

Kuna shujaa mwingine ambaye hana matatizo hayo. Fumo Liyongo wa pwani alikuwa jitu, mshairi na mpiga upinde, hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyeichoma. Habari zake zilisimuliwa karne nyingi kabla ya Cleveland kumtunga mtu wa joho. Hana kampuni, hana mwanasheria. Mchoraji wa Mugumu, fundi wa kuchapa fulana wa Musoma, muuza mabegi wa mnadani, yeyote anaweza kuchora Liyongo wake kesho asubuhi bila kumlipa mtu, na mchoro atakaouchora utakuwa wake. Kwenye mabegi ya Januari bado haonekani.

Joe Shuster alifariki mwaka 1992, Jerry Siegel mwaka 1996. Ile hundi ya dola 412 waliyopewa mwaka 1938, iliyoandikwa majina yao yakiwa yamekosewa herufi kiasi kwamba ilibidi wasaini mara mbili nyuma yake ili benki iwalipe, haikupotea. Mwezi Aprili 2012 iliuzwa kwa mnada. Ilipata dola 160,000.